Kushona ala ya kisu kwa anayeanza

Hapa Chale ni wachache watokao nyumbani bila kisu. Mvuvi anacho, mgema ana kotama lake, mwenye minazi ana panga, na hata mama anayekwenda kukatia mbuzi majani hakosi kitu chenye makali. Lakini ukiuliza kisu hicho hukaa wapi kisipokuwa na kazi, utapata majibu ya ajabu: kimezungushiwa gazeti mfukoni, kimelala kikapuni pamoja na muhogo, au kimechomekwa kwenye makuti ya banda, mahali ambapo mtoto wa miaka minne akipanda juu ya kinu anafika.

Nami nilikuwa katika kundi hilo, kisha siku moja nikajifanya fundi. Ala yangu ya kwanza niliikata kwenye mkoba mkuukuu wa ngozi, vipande viwili, nikavishona pembeni, ikapendeza. Wiki ya pili nikipanda mashua, kumbe makali yalikuwa yameshakula nyuzi kwa ndani bila mimi kujua. Ncha ikatoka ubavuni mwa ala ikaingia pajani. Nilishonwa nyuzi tano, nyingi kuliko zilizokuwa zimesalia kwenye ala yenyewe. Nilipopona nilimpelekea fundi viatu mmoja mzee aniambie nimekosea wapi. Aliigeuza mara moja tu. "Mwanangu, huu ni mfuko wa peremende," akasema. "Utepe wa kati u wapi?"

Utepe wa kati ni kipande chembamba cha ngozi, upana wa sentimita moja hivi, kinachowekwa baina ya pande mbili za ala upande wa makali, kuanzia mdomoni hadi kwenye ncha. Kisu kikishuka, makali hugusa utepe, hayagusi mshono. Pasipo utepe, kila ukichomeka kisu unakata nyuzi zako mwenyewe kidogo kidogo. Wamasai mnaowaona Diani na simi kiunoni wana njia yao: ndani ya ile ngozi nyekundu ya ala mna mbao nyembamba, na makali hukutana na mbao kabla ya kukutana na mshono. Mengine nitakayoeleza waweza kuyakosea kidogo na ala ikafaa, lakini hili halina msamaha.

Sasa ngozi. Usianze na ngozi ya mkoba wala ya koti. Hizo kwa kawaida zimesindikwa kwa chumvi za kromu, ni laini, na hata uzifinyange vipi hazishiki umbo. Unayoitaka ni ngozi ya ng'ombe iliyosindikwa kwa magome ya miti, unene wa milimita 3 hivi, yaani pungufu kidogo ya sarafu mbili za shilingi zikilazwa pamoja. Kuitambua si kazi ngumu. Tazama mahali ilipokatwa: ya magome ni ya hudhurungi hadi ndani, ya kromu mara nyingi ina rangi ya kijivu au ya bluu katikati. Kisha dondoshea tone la maji. Ya magome hunywa maji na kuiva rangi pale pale, ilhali ya kromu mara nyingi huliacha tone likae juu. Mafundi viatu wa Ukunda wakati mwingine huwa na mabaki ya ngozi ngumu ya soli na mikanda, na kwa ala moja mabaki yanatosha kabisa. Mwenye safari ya Nairobi apitie soko la Kariokor, ambako mafundi wa viatu vya ngozi wamejaa.

Wengine wataniuliza habari ya uhalali, na ni swali la haki. Katika madhehebu ya Shafi'i, ambayo ndiyo ya wengi wetu huku pwani, dabagha huitoharisha ngozi hata ya nyamafu, isipokuwa ya mbwa na nguruwe. Kwa hiyo la kujihadhari ni nguruwe. Mtazame uso wa ngozi kwenye mwanga: vitundu vya nywele za nguruwe hukaa vitatu vitatu, kama mafiga. Ya ng'ombe vitundu vyake ni vidogo na vimesambaa sawasawa. Ama ngozi za mbuzi wa Idd ya kuchinja, ambazo nyingi huishia kutupwa, ni nyembamba mno kwa ala. Zinafaa kuvishia mpini.

Na tafadhali, kijana asije akasikia neno "magome" akashika panga kuelekea kwenye mikoko. Ni kweli magome ya mikandaa na mikoko yetu yalitumika kusindika ngozi, na mwanzoni mwa karne ya 20 yalisafirishwa ng'ambo kwa kazi hiyo. Lakini mti ukibanduliwa gome kuzunguka shina lote hufa umesimama. Ng'ambo ya ghuba kutoka hapa, Gazi na Makongeni, wenzetu wa Mikoko Pamoja wanalinda hekta 117 za mikoko tangu 2013 na kuuza hewa ya ukaa, na fedha zake zimeleta maji na kusaidia shule. Siku hizi Kenya ngozi ya magome hutumia miwati ya bara. Nunua iliyokwisha kusindikwa, umalize.

Vifaa ni vichache: msharasi, ile sindano nene yenye mpini ya mafundi viatu, sindano mbili butu, uzi wa kitani au uzi imara wa kushonea nyavu, donge la nta ya nyuki, gundi ya viatu, wembe mpya au kisu kikali, msasa, na uma wa jikoni. Uma una kazi yake, utaiona.

Anza na karatasi ngumu, usianze na ngozi. Boksi la biskuti linatosha. Likunje katikati, laza kisu mgongo wake ukielekea kwenye mkunjo, kisha chora ukifuata upande wa makali huku ukiacha sentimita moja na nusu nje ya bapa. Nafasi hiyo ndiyo ya utepe na mshono. Theluthi moja ya mpini iingie ndani ya ala, la sivyo kisu kitaruka ukiinama. Kata, kunja, bana kwa vibanio vya nguo, uingize kisu na kukitoa mara kadhaa. Hapa ndipo utakapogundua kama kisu chako kina tumbo, yaani kama bapa ni pana zaidi chini kuliko pale linapokutana na mpini. Kisu cha namna hiyo kinahitaji mdomo wa ala upana sawa na tumbo lake. Wagema wanisikilize vizuri: kotama limepinda, haliwezi kuteremka katika ala ya mkunjo ulionyooka. Lenu lihitaji ala iliyo wazi upande wa mgongo hadi nusu, na kikanda chenye kifungo cha kulishikilia. Msilishone mkajaribu baadaye, jaribuni kwenye karatasi.

Mtu wa mkono wa kushoto ageuze karatasi upande wa pili kabla ya kuchora kwenye ngozi. Nimeona ala nzuri sana iliyopewa jirani kwa sababu hiyo tu.

Ukishakata ngozi, uso laini ukiwa nje, kitu cha kwanza kushona ni kitanzi cha mkanda wa kiunoni. Kila anayeanza hukisahau, akafunga ala yote, kisha akawa hana pa kupitisha sindano. Kishone ala ikiwa bado imekunjuliwa.

Ndipo utie utepe wa kati. Popote gundi inapogusa uso laini, ukwaruze kwanza kwa msasa, maana gundi haishiki utelezi. Paka pande zote mbili, subiri dakika 10 hadi 15 mpaka isinate kidoleni, kisha bana kwa nguvu. Gundi haishiki ala, inaitulia tu ili ushone. Piga mstari nusu sentimita kutoka ukingoni, halafu tembeza uma kwenye mstari ukikandamiza: meno yake yatakuachia alama zilizopangika. Toboa kila alama kwa msharasi, ukiusimamisha wima. Ukiulaza kidogo tu, matundu ya upande wa nyuma yatakwenda upogo na mshono utakuwa kama njia ya kaa. Ngozi tatu ni nene, pumzika. Weka kipande cha ubao chini, na mkono wa pili usikae mbele ya ncha.

Mshono wenyewe ni wa sindano mbili kwenye uzi mmoja. Kata uzi mara nne ya urefu wa mshono, na zaidi kidogo, uupitishe kwenye nta mara kadhaa, kisha utunge sindano kila ncha. Pitisha sindano ya kwanza kwenye tundu la mwanzo hadi uzi uwe sawa pande zote mbili. Kuanzia hapo, kila tundu hupitiwa na sindano zote mbili, moja ikitoka kulia na moja kushoto, kisha unavuta pamoja. Faida yake ni kwamba upande mmoja ukikatika, wa pili bado umeshika kila tundu. Mshono wa cherehani ukikatika mahali pamoja huanza kufumuka, na ndiyo sababu sikushauri kuipeleka kwa fundi cherehani hata kama ana mashine ya ngozi. Ukifika mwisho rudi nyuma matundu matatu, kata, na kama ni uzi wa nailoni choma ncha kwa kiberiti.

Halafu kufinyanga, na hapa ndipo raha ilipo. Paka kisu mafuta, kifunge kwa plastiki iliyobana. Mifuko ya rambo ilipigwa marufuku tangu Agosti 2017, kwa hiyo tafuta karatasi ya mkate. Tumbukiza ala katika maji ya uvuguvugu kwa dakika moja hivi hadi ilegee, ingiza kisu, na kwa vidole na mgongo wa kijiko kandamiza ngozi ifuate mpini na bapa. Baada ya robo saa kichomoe kisu, uache ala kivulini. Ikipigwa na jua au ikiwekwa karibu na jiko itakauka haraka, ikakakamaa na kupasuka kwenye mkunjo. Wakati wa kaskazi siku mbili hutosha. Masika, ongeza siku.

Ikikauka, sawazisha kingo kwa msasa, zilowanishe kidogo, uzisugue kwa kipande cha kanga kuukuu hadi zing'ae. Toboa kitundu kwenye ncha ya chini ili maji yasikae ndani. Mwisho ni mafuta. Watu wengi humimina mafuta ya nazi matupu, na ala yao hulegea ikawa kama chapati, tena huota ukungu. Kwa joto letu mafuta ya nazi hayagandi, maana huyeyuka kwenye nyuzi 24 au 25 tu, ilhali nta ya nyuki inahitaji zaidi ya 60. Yeyusha nta sehemu moja kwa mafuta sehemu mbili, katika bakuli lililo ndani ya sufuria ya maji moto, kamwe si juu ya moto wenyewe. Paka ikiwa vuguvugu, kidogo, kwa kitambaa.

Sasa niseme jambo ambalo mafundi ngozi hawapendi kulisikia. Kisu cha baharini usikishonee ala ya ngozi. Maji ya chumvi huifanya ngozi kuwa kavu kama ubao, na chumvi ikishaingia ndani, bapa hushika kutu usiku mmoja. Kwa mvuvi, kipande cha mtungi wa plastiki kilichokunjwa kwa joto na kufungwa kwa waya wa shaba ni bora, na kina utepe wa kati vile vile, wa plastiki. Ala ya ngozi ni ya shamba, ya minazi, ya jikoni na ya safari.

Nimesema safari, na hapo mjue mipaka. Tangu yale mashambulizi ya Likoni ya Agosti 1997, mtu mwenye panga tupu barabarani huku kusini huangaliwa kwa jicho jingine, na sioni kosa la anayeangalia. Kisu kilicho alani, ndani ya kikapu pamoja na kamba na kifuu, hujieleza chenyewe kwamba ni cha kazi. Lakini ala si kibali. Kivukoni mizigo hukaguliwa, na ukiulizwa, toa kikapu kizima na ueleze. Usikifute kisu ili kumwonyesha askari.

Ala mpya mara nyingi hukaza. Usiipanue kwa maji tena. Funga kisu kwa tabaka mbili za karatasi ya mkate, kisukume ndani na ukiache usiku mmoja. Asubuhi kitatoka kwa mkono mmoja, na ukiipindua ala juu chini na kuitikisa hakitaanguka. Kama bado kinaanguka, ile theluthi ya mpini hukuiacha, rudi kwenye boksi la biskuti.