Adabu na Hesabu: Habari za Shule za Masasi na Newala

Fungueni madaftari yenu, na kila mmoja awe na kalamu, kwa sababu leo tutasoma habari za zamani, na tena tutafanya hesabu kidogo. Mwalimu wa kikundi atasoma pole pole, na ninyi mtafuata kwa macho. Mkikuta neno gumu, lipigeni mstari, mliulize baadaye.

Watu wengi huuliza: mtoto hupelekwa shule ajifunze nini kwanza, adabu au hesabu? Mzee mmoja atasema adabu, maana mtoto asiye na adabu hafundishiki. Mwingine atasema hesabu, maana adabu hata nyumbani ipo. Leo tutatazama jinsi mambo hayo mawili yalivyokutana katika shule za nchi ya Masasi na Newala, na hasa katika shule kama ile ya Chidya. Kisha ninyi wenyewe mtatoa hukumu.

Kabla ya shule

Msidhani kuwa wazee wetu hawakujua kuhesabu kabla ya shule kuja. Walijua sana. Kitabu chao kilikuwa mkono. Wayao, Wamakonde na Wamakua wote walihesabu kwa tano tano. Katika Kiyao, tano ni msano, na sita husemwa kama "tano na moja". Saba ni tano na mbili, nane ni tano na tatu, tisa ni tano na nne. Mikono miwili ikitimia, hapo ndipo kumi.

Hebu jaribuni. Inueni mkono wa kushoto, vidole vyote. Hiyo ni tano. Sasa ongezeni vidole vitatu vya mkono wa kulia. Mmepata ngapi? Nane. Basi mmekwisha kujumlisha, kama walivyojumlisha mababu zenu.

Kiswahili cha pwani kilifanya biashara na Waarabu miaka mingi, nacho kikachukua kwao maneno sita, saba na tisa. Tisa ilikuwa na jina lake la zamani, kenda, na wazee wengine wanalijua hata leo. Pwani ndiko vilikotoka pia vipimo vya biashara. Vibaba vinne ni pishi moja. Vitu vizito, kama pembe za ndovu, vilipimwa kwa frasila, na frasila moja ni ratili 35, yaani karibu kilo 16. Mkisema "haba na haba hujaza kibaba", mnataja kipimo cha kweli kilichotumika sokoni.

Na adabu je? Adabu ilifundishwa nyumbani, na zaidi katika jando na unyago. Huko kijana alifunzwa kusalimu wakubwa, kuvumilia, kutunza siri na kufanya kazi. Kwa hiyo shule ilipofika haikukuta nchi tupu. Ilikuta watu wenye hesabu yao na adabu yao.

Shule zinaanza

Katika mwaka 1876 Askofu Edward Steere alitoka Unguja akaja bara kwa njia ya Lindi, pamoja na kundi la watu waliokombolewa katika utumwa. Walipofika Masasi walipendezwa na nchi, wakakaa. Fikirini habari za watu hao. Zamani walihesabiwa na watu wengine, kama bidhaa: vichwa vingapi, bei gani. Sasa wao na watoto wao wakaanza kujifunza kuhesabu wenyewe. Hilo si jambo dogo.

Kazi haikuwa rahisi. Mwaka 1882 Magwangwara walishambulia Masasi, wakaua watu na kuchukua wengine mateka. Baada ya hayo Chauncy Maples alihamishia kazi Newala, kwa Matola, mkuu wa Wayao wa huko. Mwaka 1886 Cecil Majaliwa akaanza kazi Chitangali. Majaliwa alikuwa Myao, naye alipata kuwa mtumwa utotoni. Mwaka 1890 akawa kasisi. Waalimu wengi wa siku zile walipata masomo yao Kiungani, Unguja, wakarudi bara kufundisha watoto wa vijiji. Tena mwaka 1905, wakati wa Vita vya Maji Maji, misheni ya Masasi ilichomwa moto. Hata hivyo shule zilijengwa upya.

Kuanzia 1926 hadi 1944 askofu wa Masasi alikuwa Vincent Lucas. Wamisheni wengi wa wakati ule walitaka jando likomeshwe kabisa. Lucas hakufanya hivyo. Aliona kuwa ndani yake mna mafunzo mema, akaliingiza katika maisha ya Kanisa baada ya kuondoa yale asiyoyakubali. Hapo adabu ya jando na adabu ya shule zilikaribiana.

Chidya na sheria za shule

Chidya, katika wilaya ya Masasi, ilikuwa shule ya misheni ya wavulana, na jina lake lilikuwa St. Joseph's College. Baada ya sheria ya elimu ya mwaka 1969, shule za misheni zilizopata msaada wa serikali zilichukuliwa na serikali, na Chidya siku hizi ni shule ya sekondari ya serikali.

Katika shule za bweni za namna hiyo mtoto alikutana na sheria nyingi: kuamka kwa kengele, kusimama mstarini, kufagia, kulima shamba la shule, kumsimamia mwalimu anapoingia. Wazazi wengine walidhani kuwa ni amri tu za kuwasumbua watoto. Lakini tazameni vizuri, mtaona kuwa sheria nyingi zina hesabu ndani yake. Kengele ni hesabu ya saa. Mstari ni hesabu ya watu: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kugawa chakula mezani ni hesabu ya kugawanya, na asiyejua kugawanya sawa ataleta ugomvi. Kupima matuta ya shamba ni hesabu ya urefu na upana.

Hesabu nayo inataka adabu. Anayefanya haraka hukosea. Anayemwibia jirani jibu hajui njia. Asiyesafisha daftari lake hawezi kuona namba zake: moja huwa kama saba, na makumi huingia mahali pa mamoja.

Kwa nini watu walitaka hesabu

Serikali ya Kijerumani ilianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, na nyumba ya shamba ililipiwa rupia 3. Rupia moja ilikuwa pesa 64. Haya, shikeni kalamu. Rupia 3 ni pesa ngapi? Zidisheni 64 kwa 3. Nne mara tatu ni 12. Andika 2, weka 1. Sita mara tatu ni 18, ongeza 1, ni 19. Jibu ni pesa 192.

Mwaka 1904 serikali ikabadili fedha. Rupia ikawa heller 100. Basi rupia 3 zikawa heller 300. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza wakaleta shilingi ya senti 100. Kila mara fedha zilipobadilika, mwenye kujua hesabu alipona, na asiyejua alimtegemea karani. Karani mwema alimsaidia. Karani mbaya je? Mzee hakuwa na njia ya kumjua.

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Adabu peke yake haikumtosha mzee yule. Alisalimu vizuri, alivua kofia, alisimama mstarini, na bado angeweza kudhulumiwa. Na karani mbaya alikuwa na hesabu, lakini hakuwa na adabu. Mmoja alikosa hiki, mwingine alikosa kile.

Baada ya uhuru

Nchi ilipata uhuru tarehe 9 Desemba, 1961. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa maelezo ya Elimu ya Kujitegemea. Alitaka mtoto ajifunze kufikiri na kuuliza, si kukariri tu. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na watu wa makamo, wake kwa waume, wakaketi darasani kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu. Ninyi mnafuata njia yao.

Sheria za adabu nazo zilibadilika. Zamani fimbo ilitumika ovyo katika shule nyingi. Kwa kanuni za mwaka 2002, mtoto hawezi kupigwa na mwalimu yeyote tu. Ni mkuu wa shule, au mwalimu aliyepewa ruhusa naye kwa maandishi. Viboko visizidi vinne. Na lazima viandikwe katika kitabu. Mzazi, ujue hivyo. Mtoto aliyekosa jibu la hesabu hajakosa adabu. Akipigwa kwa ajili ya 7 mara 8, ataogopa namba, na mtu anayeogopa namba haulizi.

Bakuli la korosho

Sasa tutoke darasani twende kwenye mikorosho. Katika Masasi na Newala watu wengi wanaishi kwa korosho. Tangu 2007 ulianza mpango wa stakabadhi ghalani: mkulima hupeleka korosho kwenye chama chake, zinapimwa kwa mizani, naye anapewa karatasi yenye kilo zake. Lakini wako wanunuzi wa kangomba. Hao huja kijijini wakati wa njaa, kabla ya mnada, hununua kwa bakuli, na kuondoka. Biashara hiyo imekatazwa.

Tufanye mfano. Tuseme bakuli likijaa huchukua kilo moja na robo, na mnunuzi anasema ni kilo moja. Mama mmoja amempimia mabakuli 10. Amelipwa kilo 10. Je, ametoa kilo ngapi? Kilo moja mara 10 ni kilo 10. Robo mara 10 ni kilo mbili na nusu. Jumla ni kilo 12 na nusu. Kilo mbili na nusu zimekwenda bure. Kama kilo moja ni shilingi 2,000, mama huyo amepoteza shilingi 5,000 mbele ya macho yake, tena akasema asante.

Kwa nini hakuuliza? Labda hakujua hesabu. Lakini labda alijua, ila alifundishwa tangu utoto kuwa kumwuliza mtu wa heshima ni utovu wa adabu. Ndugu zangu, hiyo si adabu, huo ni woga. Adabu ni kusema, "Bwana, naomba tupime kwa mizani." Maneno ni mazuri, sauti ni ya upole, na haki haipotei. Shule njema hufundisha hivyo tangu darasa la kwanza: mtoto huinua mkono, hungoja zamu yake, kisha husema, "Mwalimu, sijaelewa." Mtoto huyo akikua atasema vivyo hivyo mbele ya mizani.

Kwa hiyo, mtoto arudipo nyumbani, usimwulize tu kama amepigwa au hakupigwa. Mwulize, "Leo mmehesabu nini?" Mpe maharage 12 awagawie watu wanne. Akikosea, mpe tena. Na wewe, weka daftari la mavuno yako, maana wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Maswali ya kikundi

1. Taja sheria moja ya shule. Ina faida gani? Je, ina hesabu ndani yake?
2. Katika lugha ya kwenu, sita husemwaje?
3. Frasila moja ni ratili 35. Frasila 4 ni ratili ngapi?
4. Katika mfano wetu, mama yule angempimia mabakuli 20, angepoteza kilo ngapi? Shilingi ngapi?
5. Mtu anawezaje kumwuliza mkubwa wake swali bila kumvunjia heshima? Wawili wasimame waonyeshe.

Fanyeni maswali haya pamoja, na anayejua amsaidie asiyejua. Kwaherini mpaka somo lijalo.