Canon EOS 300D na Nikon D70

Canon EOS 300D (2003) na Nikon D70 (2004) ni kamera za kidijitali za kubadilisha lenzi, zilizotengenezwa na kampuni za Japani kwa ajili ya wanaoanza. Ya Canon, yenye megapikseli 6.3, ilikuwa ya kwanza ya aina hiyo kuuzwa chini ya dola 1,000 za Marekani, na kwa hilo inastahili heshima. Lakini ukiiwasha, inakungojesha sekunde kadhaa. D70, yenye megapikseli 6.1, iko tayari papo hapo. Shata ya D70 hufika 1/8000 ya sekunde, ya mwenzake 1/4000. Kwa mechi ya mpira au watoto wanaokimbizana, D70 ni bora waziwazi. Zote huhifadhi picha kwenye kadi za CompactFlash.