Chembe cha Moyo: Historia ya Maumivu ya Kifua

Kishimo kilicho chini ya mfupa wa kidari, pale mbavu zinapoachana, Waswahili hukiita chembe cha moyo. Ukweli ni kwamba moyo uko juu ya hapo, na kinachokaa nyuma ya kishimo hicho ni mfuko wa chakula. Kosa hilo si la Waswahili peke yao. Wamisri wa kale waliuita mfuko wa chakula mdomo wa moyo. Wagiriki walikuwa na neno moja, kardia, kwa moyo na kwa mlango wa juu wa mfuko huo, na wanaanatomia wa leo bado wanalitumia kwa mlango huo. Lugha tatu, zilizotengana kwa bahari na kwa maelfu ya miaka, zilichanganya viungo viwili kwa sababu binadamu huvihisi mahali pamoja. Historia ya maumivu ya kifua ni historia ya jitihada za kuvitenganisha.

Ushahidi wa kale sana unatoka Misri. Katika hati ya mafunjo iliyoandikwa yapata mwaka 1550 Kabla ya Kristo, inayojulikana leo kwa jina la Ebers, Mjerumani aliyeinunua katika karne ya 19, tabibu anaonywa juu ya mgonjwa mwenye maumivu mkononi, kifuani na upande mmoja wa mfuko wa chakula. Mtu huyo, hati inasema, amekaribiwa na mauti. Mwandishi hakujua chanzo, lakini alikwisha kuona kwamba maumivu ya kifua yanayofika mkononi si ya kupuuzwa. Hata hivyo onyo hilo aliliweka katika sehemu inayohusu maradhi ya tumbo.

Ugiriki, katika karne za 5 na 4 Kabla ya Kristo, Hippocrates na wafuasi wake waligeukia mbavu. Walitega sikio ubavuni mwa mgonjwa wakasikia mkwaruzo kama wa ngozi. Walimshika mabega wakamtikisa ili wasikie usaha ukicheza ndani. Waliueleza vizuri ugonjwa wa maumivu makali ya ubavuni, yanayozidi kila mtu avutapo pumzi na kufuatana na homa. Mswahili aliuita kichomi kwa kuwa maumivu yake huchoma. Lakini sababu yake Wagiriki waliitafuta katika majimaji manne ya mwili: damu, kohozi, nyongo ya njano na nyongo nyeusi. Galen, aliyefanya kazi Roma katika karne ya 2, aliitia nadharia hiyo nguvu iliyodumu zaidi ya miaka elfu moja.

Elimu hiyo ilihamia katika ulimwengu wa Kiislamu na humo ikapanuliwa. Ibn Sina, aliyezaliwa karibu na Bukhara, alikamilisha kitabu chake kikuu cha tiba, al-Qanun, mwaka 1025. Kichomi alikiwekea dalili tano: homa kali, maumivu ya kuchoma, pumzi fupi, kikohozi na mapigo ya mshipa yenye meno kama msumeno. Mjini Cairo, mwaka 1242, Ibn al-Nafis alimpinga Galen kwa kueleza kwamba damu hutoka upande wa kulia wa moyo kwenda kushoto kwa kupitia mapafu, na kwamba moyo hulishwa na mishipa iliyomo ndani ya mwili wake. Pwani ya Afrika Mashariki, iliyofungamana na ulimwengu huo kwa biashara na dini, ilipokea kwake maneno tabibu na dawa. Maumivu yenyewe iliyataja kwa maneno yake ya Kibantu: kichomi kwa yanayochoma, na kiungulia kwa yanayounguza baada ya kula.

Mwaka 1628 Mwingereza William Harvey alithibitisha kwamba moyo ni pampu na damu huzunguka mwili mzima. Mwaka 1761 Leopold Auenbrugger alichapisha mjini Vienna njia ya kugonga kifua kwa vidole na kusikiliza palipojaa na palipo tupu. Kisha, tarehe 21 Julai 1768, William Heberden alisimama mbele ya madaktari wenzake London akaeleza maradhi aliyoyaona kwa wagonjwa wapatao 20: kifua kinabanwa mtu anapopanda mlima, hasa akiwa ameshiba, na kubanwa huko hukoma mara anaposimama. Aliyaita angina pectoris, kubanwa kwa kifua. Hakuyahusisha na mishipa ya moyo.

Uhusiano huo ulifunuliwa na vifo. Daktari Edward Jenner aliupasua moyo wa marehemu mmoja akakuta mishipa inayoulisha imekakamaa. Alinyamaza, kwa sababu mwalimu wake, daktari mpasuaji John Hunter, alikuwa na maumivu hayo hayo, na Jenner hakutaka kumtia hofu. Hunter alijua kwamba hasira humletea kubanwa. Mnamo Oktoba 1793 alizozana na wenzake katika kikao cha hospitali ya St George's, London, akatoka chumbani na kufariki. Mishipa ya moyo wake ilikutwa imekuwa migumu. Mwaka 1799 Caleb Parry, rafiki wa Jenner, aliyaweka hayo kitabuni.

Karne ya 19 ilikuwa karne ya kusikia na kuona. Mwaka 1816, katika hospitali ya Necker, Paris, René Laennec alikunja karatasi ikawa bomba, akaiweka kifuani mwa mgonjwa: ndio mwanzo wa stethoskopu. Tarehe 24 Machi 1882 Robert Koch alitangaza Berlin kwamba amekipata kijidudu cha kifua kikuu, ugonjwa uliomuua Laennec mwenyewe mwaka 1826. Mwaka 1895 Wilhelm Röntgen aligundua miale ya eksirei, na kifua kikaonekana ndani bila kisu. Miaka miwili kabla yake, Henry Head alikuwa ameonyesha namna maumivu ya viungo vya ndani yanavyojitokeza katika sehemu nyingine za mwili. Hapo ndipo siri ya chembe cha moyo ilipo: nyuzi za fahamu za moyo, za umio na za mfuko wa chakula huingia katika uti wa mgongo sehemu zinazokaribiana, na ubongo, ukibishiwa hodi, haujui ni mlango upi.

Mwanzoni mwa karne ya 20 Mholanzi Willem Einthoven alibuni mashine ya kuchora umeme wa moyo, akatuzwa Nobel mwaka 1924. Mwaka 1912 James Herrick wa Chicago alichapisha habari za mtu wa miaka 55 aliyeshikwa na maumivu makali saa moja baada ya kula. Akidhani chakula kimemdhuru, alijitapisha kwa kutia kidole kooni. Alikufa baada ya siku mbili na ushei, na katika mshipa wa moyo wake likakutwa bonge la damu iliyoganda. Vifo vingi vya namna hiyo vilikuwa vikiandikwa kuwa ni vya tumbo kuvurugika. Herrick alisema zaidi: kuziba huko hakuui kila mtu, kwa hiyo kunaweza kutambuliwa mgonjwa akiwa hai.

Kauli hiyo ilifungua zama za tiba. Mwaka 1948, katika mji wa Framingham, Marekani, watu 5,209 walianza kufuatiliwa, na kutokana nao shinikizo la damu, lehemu na sigara vilijulikana kuwa vyanzo vya hatari. Mwaka 1977 Andreas Grüntzig alipanua mshipa wa moyo kwa kibofu kidogo, mjini Zurich, bila kupasua kifua. Mwaka 1988 utafiti wa wagonjwa 17,187 ulionyesha kwamba aspirini pamoja na dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hupunguza vifo vya wiki 5 za mwanzo kwa asilimia 42.

Afrika Mashariki iliingia katika historia hii kwa mlango wa mapafu. Katika miaka ya 1970, majaribio yaliyofanywa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia yalithibitisha kwamba dawa ya rifampisini huweza kufupisha tiba ya kifua kikuu kutoka mwaka mmoja na nusu hadi miezi 6. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, ikishirikiana na daktari Karel Styblo, na mfano wake ukaja kuenezwa na Shirika la Afya Duniani. Moyo ulifuata baadaye. Huko nyuma, mwaka 1956, kule Uganda, mgonjwa mmoja tu Mwafrika wa mishipa ya moyo alikuwa jambo la kuandikiwa makala ya kitabibu na daktari Hugh Trowell. Miji ilipokua, na pamoja nayo sigara, kisukari, shinikizo la damu na kazi za kukaa, ugeni huo ulikwisha. Mwaka 2015 Dar es Salaam ilipata Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete.

Kwa hiyo, kwenye benchi moja la kliniki zetu leo hukaa zama zote. Yupo mwenye kichomi na homa, yupo aliyekohoa wiki tatu na kupungua uzito, yupo mwenye kiungulia, na yupo ambaye kifua kimebanwa kama kilichotwikwa gunia, maumivu yanashuka mkono wa kushoto au kupanda tayani, jasho jembamba linamtoka. Huyu wa mwisho hapaswi hata kungoja benchini. Utafiti uliofanywa Moshi umeonyesha kwamba wengi wenye mshtuko wa moyo hufika hospitalini na kuondoka bila ugonjwa wao kutambuliwa. Wengine hawafiki kabisa: hushika chembe cha moyo usiku, husema ni gesi au vidonda vya tumbo, humeza dawa na kungoja kukuche. Ndivyo alivyodhani yule mtu wa Chicago alipotia kidole kooni. Na katika mafunjo ya Misri, maumivu hayo hayo yaliandikwa chini ya maradhi ya tumbo, lakini aliyeyaandika alikwisha kujua kwamba yakifika mkononi ni ya kuogopwa.