Ukiritimba si urasimu
Fomu ikikwama mezani wiki tatu, watu husema "ukiritimba". Huo ni urasimu. Ukiritimba ni mmoja kuhodhi soko, wengine wote wapitie kwake. Tazama duka la programu la Apple: kwa miaka mingi mwenye iPhone hakuwa na duka jingine, na kampuni ilikata hadi asilimia 30 ya mauzo. Agosti 2020 Epic Games iliweka njia yake ya malipo ndani ya mchezo wake wa Fortnite, kukwepa makato hayo. Mchezo ukaondolewa dukani siku hiyohiyo. Aprili 2025 Tume ya Ulaya iliitoza Apple faini ya euro milioni 500 kwa kuwazuia watengenezaji kuwaelekeza wateja kwenye bei nafuu nje ya duka. Kumziba muuzaji mdomo asitaje bei yake mwenyewe! Neno zito hivi linaniuma likipotelea kwenye foleni ya mihuri.