Mbiu ya Mgambo

Mwaka 1990, kule Temeke, mazungumzo ya barazani yalikuwa juu ya dawa ya Nairobi. Rais Moi alikuwa ametangaza kwamba Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, chini ya Dk. Davy Koech, imepata dawa ya UKIMWI iitwayo Kemron. Jirani yetu mmoja, aliyekwisha kukonda, aliniuliza kama auze kiwanja chake cha Mbagala apate nauli. Alifariki kabla hajapata mnunuzi.

Kemron ilikuwa kidonge cha kuyeyusha mdomoni, chenye interferoni kidogo sana. Protini hiyo iligunduliwa London mwaka 1957 na Alick Isaacs na Jean Lindenmann. Waliweka virusi vya mafua vilivyouawa kwa joto juu ya vipande vya utando wa yai la kuku. Majimaji yaliyotoka hapo yakavikinga vipande vingine visishambuliwe na virusi hai.

Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Interferoni ndiyo mbiu hiyo. Seli iliyovamiwa huitoa, na seli za jirani zikiipata hufunga milango: hutengeneza protini za kukatakata chembe za urithi za virusi na kuvizuia visizaliane. Hayo hutendeka katika saa chache, wakati kingamwili huhitaji siku kadhaa.

Kwa hiyo wazo la Kemron halikuwa la kipuuzi. Lakini katika majaribio yaliyofuata, yakiwemo ya Uganda, waliopewa interferoni hawakupata nafuu kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa. Wagonjwa wengi waliozidiwa tayari walikuwa na interferoni tele katika damu. Virusi vya UKIMWI hujificha ndani ya urithi wa seli yenyewe, mbiu ikaendelea kulia miaka na miaka, na kelele hizo ndefu zenyewe zikazidi kuuchosha mwili.

Tanzania ilianza kutoa bure dawa za kupunguza makali ya UKIMWI mwaka 2004. Hizo hazipigi mbiu. Humzuia adui asizaliane. Watu wa Temeke waliozipata wakiwa hoi wamelea watoto na sasa wanalea wajukuu. Simlaumu jirani yangu kwa kuitamani safari ile. Aliyesikia mbiu usiku wa manane hana budi kuamini kwamba msaada unakuja.