Nyota Yenye Wenzi Wasioonekana

Ukiwa Kalengera katika mwezi wa kumi, mvua ikiisha kupita na mawingu yakitawanyika, toka nje mnamo saa tatu za usiku, utazame kusini, upande wa milima ya Virunga. Juu ya milima hiyo, kabla hujafika nusu ya njia ya kwenda utosini, zipo nyota nyingi ndogo. Mojawapo ina rangi ya chungwa hafifu. Wenye elimu ya nyota huiita Epsilon Indi. Si nyota ya kujivuna: taa za lori moja linalopita kwenye barabara ya Goma zatosha kukuzuia usiione. Lakini nyota hii haitembei peke yake, na namna wenzi wake walivyojulikana ni habari inayostahili kusimuliwa.

Tuanze na jina. Mwaka 1595 mabaharia wawili wa Kiholanzi, Pieter Dirkszoon Keyser na Frederick de Houtman, walifunga safari kwenda visiwa vya Mashariki. Njiani waliandika mahali pa nyota za kusini ambazo hazionekani Ulaya. Keyser alifariki mwaka 1596 kabla ya kurudi kwao, lakini maandishi yake yalifika. Mchora ramani Petrus Plancius aliyatumia kuchora makundi 12 mapya ya nyota, na kundi moja akaliita Mhindi. Nyota yetu imo humo. Bila shaka wazee wa huku kwetu walikuwa wakiiona tangu zamani. Jipya halikuwa nyota, bali ni kule kuandikwa mahali pake.

Mwaka 1751 alifika Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika, Mfaransa mmoja jina lake Nicolas-Louis de Lacaille, mtu wa kanisa mwenye daraja ya ushemasi. Kwa darubini ndogo sana, usiku baada ya usiku, aliandika mahali pa nyota karibu 10,000. Kazi ya namna hii yachosha. Anayeifanya haoni ajabu yoyote. Aona hesabu tu. Lakini hesabu za watu kama huyo ndizo zilizofungua mlango.

Mwaka 1847 Mjerumani Heinrich d'Arrest alilinganisha orodha za nyota, za zamani zikiwa za mnamo mwaka 1750, na zile za siku zake. Kumbe Epsilon Indi haikuwa mahali palepale! Nyota zote hutembea, ila kwa kuwa ziko mbali mno, hatuzioni zikisogea. Hii moja yaenda kasi kupita karibu zote tuzionazo kwa macho: katika miaka 400 hivi husogea kiasi cha upana wa mwezi mpevu. Kwetu sisi huo ni mwendo wa kinyonga, lakini kwa nyota ni mbio. Tena mwendo huo ulikuwa na maana. Mtu apitaye mbele ya mlango wako aonekana kwenda upesi kuliko yule apitaye ng'ambo ya bonde. Basi nyota hii yaelekea ilikuwa jirani.

Jirani, lakini kwa umbali gani? Jibu lilitafutwa palepale Afrika. Mwaka 1882 na 1883, katika Rasi ya Tumaini Jema, Mskoti David Gill na Mmarekani William Elkin waliipima. Njia yao unaweza kuijaribu sasa hivi. Inua kidole mbele ya uso wako, ukitazame kwa jicho moja, kisha kwa jicho la pili: kidole chaonekana kuruka. Dunia nayo huzunguka jua, na baada ya miezi sita twatazama nyota kutoka upande mwingine. Nyota iliyo karibu huruka kidogo sana mbele ya zile za mbali. Gill na Elkin walipata umbali ambao nuru huukata kwa miaka 15 hivi. Vipimo vya siku hizi vyasema karibu miaka 12. Maana yake, nuru unayoiona usiku huu iliondoka huko karibu miaka 12 iliyopita. Mtoto aliyezaliwa siku ile sasa yumo darasa la sita.

Hata hivyo, hakuna aliyejua kwamba nyota hii ina wenzi. Habari ya wenzi wasioonekana haikuwa ngeni. Mwaka 1844 Friedrich Bessel alitangaza kwamba nyota ya Sirius, ing'aayo kupita zote za usiku, huyumba kidogo katika mwendo wake, kama mtu avutwaye mkono na mwenzake gizani. Mwaka 1862 Mmarekani Alvan Graham Clark alimwona mwenzi huyo kwa darubini. Lakini yule alikuwa nyota. Je, kinaweza kuwepo kitu kilichozaliwa kama nyota, kisiwake?

Swali hili lilijibiwa kwanza kwa hesabu. Mnamo mwaka 1962 na 1963 Shiv Kumar, mzaliwa wa India aliyefanya kazi Marekani, alionyesha kwamba wingu la hewa likijikusanya liwe dogo mno, moyo wake haufikii joto la kuchoma hidrojeni kama jua linavyofanya. Ili kuwaka, yahitajiwa uzito wa Mshtarii, sayari iliyo kubwa kuliko zote za jua letu, mara 75 hivi. Kilichopungukiwa hapo hung'aa kwa joto la kuzaliwa kwake tu, kisha hupoa. Mwaka 1975 Jill Tarter alikipa jina: kibete cha kahawia.

Watu wa Kalengera hawahitaji mfano kutoka mbali. Lava ya Nyiragongo ilipotelemka mwaka 1977, tena mwaka 2002, tena mwaka 2021, ilikuwa nyekundu; baadaye ikafanya ganda, ikawa nyeusi, ikawa jiwe. Haikuwa na kuni za kuiwasha upya. Kibete cha kahawia ni vivyo hivyo, isipokuwa kupoa kwake ni kazi ya mamilioni na mamilioni ya miaka.

Kwa miaka 30 na zaidi vibete hivyo vilitafutwa bila kupatikana kimoja cha hakika, hata wengine wakaanza kutilia mashaka. Kisha mwaka 1995 vikatangazwa viwili. Cha kwanza Wahispania walikiona katika Kilimia, nyota zilezile ambazo Waswahili walizipa jina la kilimo. Cha pili Wamarekani walikiona kando ya nyota ndogo iitwayo Gliese 229, katika kundi la Sungura.

Zamu ya nyota yetu ilikuja mwezi wa kwanza wa mwaka 2003. Ralf-Dieter Scholz na wenzake wa Potsdam, Ujerumani, walikuwa wakichunguza picha za mbingu ya kusini zilizopigwa miaka ya nyuma, wakitafuta vitu vyenye mwendo wa kasi. Wakakuta kidoa hafifu sana. Kilikuwa kikisogea upande uleule wa Epsilon Indi, na kwa kasi ileile. Wawili wakionekana mwaka hata mwaka katika njia moja, kwa hatua sawa, hao ni watu wa safari moja. Kati yao pana umbali wa mara 1,500 hivi ya ule ulioko kati ya dunia na jua. Hata hivyo hawaachani.

Mwaka huohuo darubini kubwa za Chile zilionyesha jambo la pili: kidoa kile ni vibete viwili, kila kimoja kikizunguka na mwenzake, na mzunguko mmoja huchukua miaka 11 hivi. Kikubwa kina uzito wa Mshtarii mara 67, kidogo mara 53. Tazama jinsi kile cha kwanza kilivyokosa kidogo tu kuwa nyota! Joto la uso wake ni nyuzi 1,000 na kitu, kama lava inayotoka mlimani. Mdogo wake amekwisha poa hata nyuzi 600 na kitu. Tena mwaka 2024 darubini ya James Webb, iliyoko angani, ilipiga picha ya sayari kubwa karibu na nyota yenyewe. Nukta moja ndogo juu ya Virunga imekuwa ukoo mzima.

Nani basi aliyeugundua ukoo huu? Tutamtaja Scholz na wenzake, na ni haki. Lakini wao walisoma picha zilizopigwa na wengine kwa kazi nyingine. D'Arrest alisoma orodha za watu waliokwisha kufa. Keyser hakuiona hata ramani iliyotokana na maandishi yake. Kila mmoja aliandika kwa uaminifu, akamwachia yule asiyemjua. Haba na haba hujaza kibaba.

Huku kwetu Rutshuru watu wamekimbia vita mara nyingi, na madaftari mengi yamepotea njiani. Kwa hiyo anayeandika siku za mvua, au majina ya waliozaliwa, na wale wa Goma wanaopima mitetemo ya Nyiragongo, wasidhani wanafanya kazi ndogo. Kitu kisichoonekana leo huenda kimekwisha andikwa katika karatasi zao, kikingoja mtu wa kukisoma. Tuwasaidie kuzitunza.