Gari Lenye Pua ya Ndege

Tukibahatika kuliona katika barabara za Marekani gari kuukuu ambalo uso wake umechongoka katikati mithili ya pua ya ndege, tusiliache lipite hivi hivi. Yaelekea ni Studebaker ya mwaka 1950 au 1951, jina ambalo vijana wengi hawalijui tena.

Ndugu wawili, Henry na Clement Studebaker, walifungua karakana ya uhunzi mjini South Bend, Indiana, mwaka 1852. Kampuni yao ilitengeneza magari ya kukokotwa na farasi, kisha mwaka 1902 ikaanza magari ya umeme (naam, ya umeme!), na baadaye ya petroli.

Desemba 1963 kiwanda cha South Bend kikafungwa. Mfuko wa pensheni haukutosha. Wastaafu walilipwa kikamilifu. Lakini wafanyakazi wapatao 4,000, wenye umri wa miaka 40 hadi 59, waliambulia takriban asilimia 15 tu ya stahili yao, na vijana wao hawakupata hata senti. Mtu alikuwa ameunda magari hayo tangu ujana wake! Sheria ya kulinda pensheni ilitiwa sahihi Septemba 1974, miaka zaidi ya 10 baadaye.